KIJANI SI RANGI YA CHAMA



Najua ukimwambia kijana wa upinzani kwamba biashara yake iwe "ya kijani", kitu cha kwanza atakachouliza ni kama umetumwa na wale jamaa wa kofia za kijani na njano. Utani huo tumeupiga sana na tutaendelea kuupiga. Lakini una hatari yake. Tumezoea kuona wanyamapori na mazingira kama mambo ya chama tawala: wao wanapiga picha na twiga, wao wanapanda miti mbele ya kamera, wao wanazindua mikakati. Sisi tumekaa pembeni tunacheka. Matokeo yake, katika nchi ambayo karibu theluthi moja ya ardhi iko chini ya uhifadhi wa aina moja au nyingine, tumewaachia wao peke yao swali kubwa la ardhi na hela.

Mimi nasema hivi: tembo si wa CCM. Tembo ni wetu. Na atakayemlinda si askari mwenye bunduki peke yake, ni muuza asali, mwenye gesti, mama lishe, dereva wa watalii na mwenye bucha. Ila watu hao hawawezi kulinda kitu ambacho sheria imekifanya kiwe mkosi kwao. Ukitaka biashara za wenyeji zisaidie uhifadhi, anza na haki. Bila haki, hizo semina za "ujasiriamali wa kijani" ni kula posho tu.

NANI ALIMALIZA TEMBO?

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2009 ilihesabu tembo 109,051 Tanzania. Ya 2014 ikahesabu 43,330. Ndani ya miaka mitano idadi imeshuka kwa zaidi ya 65,000. Nani alikuwa madarakani miaka hiyo? Hakuna haja ya kupiga ramli.

Na hawakuuawa na mama lishe. Biashara ya meno ya tembo inataka bunduki, magari, maghala, kontena, nyaraka na bandari, na kila hatua inataka mtu wa kufumba macho. Februari 2019 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, yule aliyeitwa "Malkia wa Meno ya Tembo", pamoja na Watanzania wawili, kifungo cha miaka 15. Huyu hakuwa mtu wa porini. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini Dar es Salaam, mwenye mgahawa. Kwa hiyo ukisikia "wafanyabiashara wasaidie uhifadhi", kumbuka kwamba wapo wafanyabiashara waliousaidia kufa, na walikuwa wamevaa vizuri kuliko wewe na mimi.

Sasa geuka upande wa pili. Bodaboda akikamatwa na nyama ya swala isiyo na kibali, hiyo ni nyara ya serikali. Ikishtakiwa kama uhujumu uchumi, adhabu inaanzia miaka 20 hadi 30. Wanasheria wenzangu watanirukia: makosa ya yule mama yalitendeka kabla ya marekebisho ya 2016 yaliyopandisha adhabu. Sawa, nakubali, sheria hairudi nyuma. Lakini angalia picha nzima. Dola ililala wakati papa wanavuna, ilipoamka ikatengeneza wavu mkali, na wavu huo sasa unanasa dagaa. Sisemi dagaa aachwe. Nasema usije ukamwita dagaa ndiye aliyekausha bahari.

KIROBA CHA MKAA NA MITI MILIONI 2.6

Tuchukue na mkaa, maana huko ndiko mnakotuambia "mwananchi wa kawaida anaharibu mazingira".

Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulitangaza zabuni ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2.6 ndani ya Pori la Akiba la Selous, kupisha bwawa la umeme la Rufiji. Selous hiyo ni Urithi wa Dunia, na tangu 2014 UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kabla ya hapo, mwaka 2012, mpaka wake ulikwisha kubadilishwa kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju. Mtu anaweza kusema umeme tunauhitaji, na kweli tunauhitaji. Huo ni mjadala halali. Lakini aliyehoji enzi zile aliitwa msaliti. Mjadala haukuruhusiwa, basi.

Halafu huyo huyo aliyetoa zabuni ya miti milioni 2.6 anamsimamisha mama barabarani kwa kiroba kimoja cha mkaa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Lengo zuri, nalipigia makofi bila kinyongo. Lakini tumeona linavyotekelezwa: mitungi inagawiwa mkutanoni, picha zinapigwa, mtungi unaisha, mama anarudi kwenye mkaa kwa sababu hela ya kujaza inatakiwa yote kwa mkupuo, wakati mkaa unauzwa kwa kopo. Mama lishe anaishi kwa mauzo ya siku. Anayempa mtungi bila kumpa njia ya kuujaza kidogo kidogo amempa pambo la jikoni.

Na mifuko ya plastiki je? Katazo la Juni 1, 2019 lilikuwa sahihi, tusione aibu kusema hivyo. Kanuni zile zilipanga adhabu kwa ngazi: mtengenezaji faini kuanzia milioni 20 hadi bilioni 1, muuzaji wa rejareja kuanzia 100,000 hadi 500,000, anayekutwa nao kuanzia 30,000. Muundo huo una akili, mkubwa alipe zaidi. Swali letu liwe moja tu: faini za bilioni zimetozwa mara ngapi, na za elfu thelathini mara ngapi? Wizara iweke orodha hadharani, tusome wote.

KIFUTA JASHO SI FIDIA

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, mnivumilie kidogo na vifungu.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kifungu cha 4, inasema wanyama wote ni mali ya umma, wamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini, makamanda. Neno hilo lina uzito mahakamani. Mdhamini hali mali ya aliowadhamini. Mdhamini anatoa hesabu.

Sasa mali hiyo ya mdhamini ikitoka hifadhini usiku ikala mahindi yako, unapata nini? Kanuni za 2011 ziliweka kitu kinaitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Kwa mazao, kanuni hizo za 2011 zilitoa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano. Shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani, hakukuwa na kitu. Kwa hiyo hata ungelima ekari ishirini na zote zikaliwa, kiwango cha juu kabisa cha kanuni hizo kilikuwa 500,000. Na mtu akiuawa na mnyama, chini ya kanuni hizo familia ilipewa shilingi 1,000,000. Milioni moja ya maisha ya baba wa watu. Hela hiyo haikufika hata nusu ya bei ya bodaboda mpya.

Angalia na lugha. Hawakusema "fidia". Fidia ni haki, unaidai, ukinyimwa unakwenda mahakamani. Kifuta jasho ni hisani, unaisubiri, na ukichelewa kuipata unaambiwa uwe mvumilivu. Neno lilichaguliwa makusudi.

Lakini Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu. Na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiwemo, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya mwananchi juu ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Mkulima wa Mbulu aliishinda serikali kwa hoja hiyo. Basi kama ardhi ya kimila ni mali, mazao yaliyo juu yake ni nini, makombo?

Serikali itasema ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde mali asilia. Ndiyo, inamtaka kila mtu. Haikumtaka mkulima wa kando ya hifadhi abebe mzigo wa taifa zima peke yake huku mapato yakibebwa na wengine.

TERRAT WALIFANYAJE?

Sasa msije mkadhani nalalamika tu. Kuna mfano, na uko hapa hapa kwetu, Simanjiro.

Wanyama wa Tarangire hawakai Tarangire mwaka mzima. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wanatoka hifadhini kwenda nyanda za Simanjiro, kwenye majani mafupi yenye madini, na huko ndiko nyumbu wanakozalia. Nyanda hizo ni ardhi ya vijiji. Zikilimwa zote, Tarangire inakufa taratibu hata ukiijaza askari kila mti.

Mwaka 2005 kampuni kadhaa za utalii za kaskazini zilikaa na kijiji cha Terrat zikafanya jambo rahisi: mkataba. Kampuni zinalipa kijiji kila mwaka. Kijiji kinakubali kutolima na kutojenga makazi ya kudumu kwenye eneo fulani la nyanda. Mifugo inaendelea kuchunga kama zamani. Vijana wa kijiji wanafanya kazi ya uskauti, wanalinda eneo lao wenyewe. Hela yenyewe haikuwa ya kutisha, ilianza na milioni chache kwa mwaka. Lakini ilikuwa inakwenda kijijini, kwa makubaliano ambayo wanakijiji walikaa wakayajadili. Baadaye kijiji cha Sukuro nacho kikaingia.

Oneni kilichofanya iwezekane. Kwanza, halmashauri ya kijiji kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ni chombo kinachoweza kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Tatu, hakuna aliyefukuzwa. Mmasai alibaki na ng'ombe wake, nyumbu akabaki na majani yake, na kampuni ikabaki na cha kumwonyesha mgeni. Mfanyabiashara aliona kwamba ardhi ya Terrat ni sehemu ya mtaji wake, akailipia.

Na serikali ilifanya nini na ubunifu wa aina hii? Kanuni za 2007 za utalii usio wa uwindaji zikaingiza mkono wa Wizara kwenye ada za watalii katika ardhi za vijiji, vijiji vilivyokuwa vinapokea moja kwa moja vikajikuta vinasubiri mgao. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha ikachukua makusanyo ya TANAPA, TAWA na Ngorongoro ikayapeleka Mfuko Mkuu wa Hazina kupitia TRA. Kila kitu Dodoma kwanza. Na Loliondo, Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 zilipowekewa vigingi, hatukuona mkataba wala mjadala, tuliona polisi. Damu ilimwagika, watu wakavuka mpaka kwenda Kenya kutibiwa.

Haya, chagua: njia ya Terrat au njia ya Loliondo. Zote zinaitwa uhifadhi.

WEWE MWENYE BIASHARA UNAFANYA NINI?

Tusisubiri mpaka tuingie Ikulu. Vijana wetu wengi wako Mto wa Mbu, Karatu, Babati, Mikumi, Ifakara, Mugumu. Yapo ya kufanya.

Mwenye gesti au kambi: nunua kwa jirani. Mboga, mayai, maziwa, asali. Mkulima ambaye mahindi yake yanaliwa na tembo lakini asali yake inanunuliwa kila wiki na wageni wa tembo huyo huyo, hesabu yake inabadilika. Na ukisaini mkataba na kijiji, saini na halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu, siyo na mwenyekiti peke yake nyuma ya bucha.

Kikundi cha vijana: tembo anaogopa nyuki. Mizinga ikitundikwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anageuza. Unapata uzio na unapata asali. Wengine wanapaka kamba pilipili na oili chafu. Mtaji upo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliisimamisha 2023 baada ya madudu kuonekana, ikarudishwa 2024. Nendeni mkaombe, na mkinyimwa kwa sababu ya kadi mliyonayo, dai majibu kwa maandishi.

Mwenye bucha au jiko la mishkaki: nyamapori ina utaratibu wake tangu kanuni za 2020, kuna mabucha yenye leseni. Nyama isiyo na karatasi usiipokee hata akileta shemeji. Hiyo miaka 20 hadi 30 niliyoitaja haina shemeji.

Mama lishe na mama ntilie: mnunue mtungi mkubwa kwa kikundi, mchangie kujaza kama mnavyochangia kibati. Wanaouza gesi kwa mita, unalipia unachotumia, wameshaingia mijini. Kama wamefika kwenu, hiyo ndiyo inayolingana na mfuko wa siku.

Dereva na mwongozaji: usikimbize simba kwa sababu mgeni ameahidi bakshishi nono. Mnyama anayesumbuliwa kila siku anahama, na akihama na ajira yako imehama naye.

TUNADAI NINI?

Chama chetu kikienda kwa wananchi, kiende na madai yanayoeleweka. Mimi napendekeza manne.

Moja: neno "kifuta jasho" lifutwe, iandikwe fidia, ilipwe kwa thamani ya hasara na kwa muda uliowekwa kisheria. Mbili: sehemu ya mapato ya kila hifadhi ibaki kwenye vijiji vinavyoizunguka, ilipwe moja kwa moja, isitembee kwanza Dodoma. Tatu: sheria itambue mikataba kama ya Terrat, na kampuni inayolipa kijiji kulinda ushoroba ipunguziwe kodi kwa kiasi hicho. Nne: zabuni yoyote ya kukata miti au kuchimba ndani ya hifadhi ijadiliwe hadharani, na tathmini ya mazingira isomwe kwa Kiswahili kwa watu watakaoathirika.

Najua wapo kati yetu watakaosema, "Dada, watu kwanza, wanyama baadaye. Hayo ni mambo ya wazungu." Naielewa hasira hiyo. Ukishaona nyumba ya mtu imechomwa kwa jina la uhifadhi, neno lenyewe linakuwa chungu mdomoni. Lakini fikiri mbele kidogo. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ukifa, watakaokosa kazi si mabalozi. Ni mpishi, fundi magari, muuza vinyago na kijana wa kubeba mizigo. Mwenye hoteli kubwa atahamishia mtaji wake nchi nyingine. Wewe utahamia wapi? Wamasai na ng'ombe wao waliishi na wanyama hawa kabla hajaja mzungu wala haijaja CCM. Anayesema watu na wanyama hawawezi kukaa pamoja anarudia maneno ya mkoloni, awe amevaa kofia ya porini au fulana ya chama chetu.

Kwa hiyo kazi ya kuanzia ni ndogo na haina gharama. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kama kijiji chako kiko kwenye Jumuiya ya Hifadhi au kinapakana na hifadhi, nenda, nyoosha mkono, uliza maswali matatu: mwaka huu tumepokea kiasi gani kutokana na wanyamapori, kimetumika wapi, na waliopata hasara wamelipwa lini? Waambie yaandikwe kwenye muhtasari. Wakikataa kujibu, andika jina la kijiji na tarehe, ututumie. Jedwali la vijiji tunaanza kulijaza wiki hii.

Mdhamini akigoma kutoa hesabu, wenye mali wanakwenda wenyewe kuhesabu.